Waireland walipoteza karatasi, hawakupoteza babu zao

Wakongomani wengi wanamkumbuka Muhammad Ali kwa usiku mmoja tu. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman mbele ya umati uliokuwa ukipaza sauti "Ali, boma ye". Kwa watu waliokuwa uwanjani, Ali alikuwa mtoto wa Afrika aliyerudi nyumbani.

Wachache wanajua kwamba miaka 35 baadaye, mwezi wa tisa 2009, Ali alipokelewa kama mtoto wa nyumbani mahali pengine kabisa: mji mdogo wa Ennis, magharibi mwa Ireland. Babu wa mama yake, Abe Grady, alitoka huko katika miaka ya 1860. Alivuka bahari, akafika jimbo la Kentucky nchini Marekani, akaoa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Mjukuu wao, Odessa Grady, ndiye aliyemzaa bingwa wa dunia.

Barack Obama naye ana habari kama hiyo. Kila mtu anajua kwamba baba yake alikuwa Mkenya. Upande wa mama, babu mmoja wa zamani, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, alitoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 2007, padri wa Kianglikana wa eneo hilo alitafuta katika vitabu vya zamani vya parokia akayakuta majina ya ukoo huo. Mwezi wa tano 2011, Obama, akiwa rais, alitembea katika barabara ya kijiji hicho.

Habari hizi zinafurahisha, lakini zina somo zito kwa mashariki ya Kongo. Waireland ni watu waliofukuzwa na njaa, wakatawanyika duniani, kisha vita vikachoma karatasi zao. Hata hivyo, leo mjukuu wa Chicago au Sydney anaweza kujua babu yake alilima shamba lipi. Aliweza kwa sababu watu walishika vitu viwili pamoja: masimulizi ya wazee na karatasi. Kimoja bila kingine kinapotosha. Na cha kwanza kupotea, kila mara, ni mzee.

Njaa, kisha moto

Mwaka 1845, ugonjwa wa viazi uliingia Ireland. Viazi vilikuwa chakula cha maskini, na kwa familia nyingi ndicho chakula pekee. Kufikia 1852, watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja walikuwa wamepanda meli. Kisiwa chote kilikuwa na watu karibu milioni 8 tu. Waliokufa walizikwa mara nyingi katika mashimo ya pamoja, bila jina kuandikwa popote. Waliokimbia walibeba nguo na masimulizi.

Wazao wao sasa ni wengi kuliko wenyeji wa kisiwa. Marekani peke yake, zaidi ya watu milioni 30 husema wana asili ya Ireland. Wengi wanataka kujua zaidi ya neno "Ireland". Wanataka parokia, kijiji, jina la mama wa babu.

Wanapoanza kutafuta, wanagonga ukuta. Tarehe 30 mwezi wa sita 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin ililipuka na kuungua. Ilikuwa ndani ya majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts, ambamo wapiganaji walijificha huku jeshi la serikali mpya likiyapiga kwa mizinga. Vipande vya karatasi vilivyoungua viliruka juu ya mji. Sehemu kubwa ya sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 iliteketea. Ziliteketea pia hati za wosia za miaka mingi, na zaidi ya nusu ya vitabu vya ubatizo na ndoa vya kanisa la Kianglikana la Ireland, kwa sababu vilikuwa vimekusanywa katika nyumba hiyo moja.

Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua siku hiyo. Serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu kabla, nyingine zikasagwa kuwa karatasi mpya wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Sensa za zamani zilizobaki kamili ni ya 1901 na ya 1911. Kwa hiyo bunduki siyo peke yake inayoua kumbukumbu. Ofisi isiyojali inaweza kufanya kazi hiyohiyo bila kelele.

Kilichookolewa kiliokolewa kwa kutawanyika. Vitabu vya parokia za Kikatoliki vilibaki katika parokia, kwa mapadri, kwa hiyo moto wa Dublin haukuvifikia. Mwaka 2015, Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha za vitabu hivyo kwenye intaneti, zaidi ya parokia 1,000, na mtu husoma bure. Mwezi wa sita 2022, miaka 100 baada ya moto, Chuo cha Trinity cha Dublin pamoja na taasisi nyingine kilifungua hazina ya nyaraka kwenye intaneti, iliyojengwa kwa nakala zilizopatikana katika maktaba nyingi za dunia. Kile kilichokuwa na nakala mahali pengine kilirudi. Kile kilichokuwa na nakala moja tu kilikwenda na moshi.

Karatasi bila mzee hudanganya

Anayedhani karatasi ya serikali inasema kweli siku zote aulize Waireland.

Kuandikisha kuzaliwa kwa kila mtoto kulianza Ireland mwaka 1864. Mzazi aliyechelewa alilipa faini. Wazazi maskini wakapata ujanja: walisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili mtoto aonekane amewahi. Ndiyo sababu mtafutaji wa leo hukuta mtoto "aliyebatizwa" wiki kadhaa kabla ya "kuzaliwa". Kitabu cha padri ndicho kilichosema kweli, na karani wa serikali aliandika alichoambiwa.

Kisha ikaja pensheni ya wazee. Sheria ilipitishwa mwaka 1908, malipo yakaanza mwezi wa kwanza 1909, kwa mwenye miaka 70 na zaidi. Lakini mtu wa miaka 70 wakati huo alizaliwa miaka 25 kabla ya serikali kuanza kuandikisha watoto. Angeonyesha cheti gani? Wakubwa wa pensheni wakageukia kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa kwanza 1839, upepo mkali usiosahaulika ulikuwa umepiga kisiwa chote na kubomoa nyumba. Mzee aliyeweza kusimulia usiku wa Upepo Mkubwa alihesabiwa kuwa ametimiza umri.

Bila shaka, wengine waliukumbuka upepo ambao hawakuuona. Anayelinganisha sensa ya 1901 na ile ya 1911 hukuta watu wengi waliozeeka zaidi ya miaka 10 katika miaka 10. Lakini ujanja huo uliacha faida. Baadhi ya wazee waliomba maofisa wawatafutie majina yao katika sensa za 1841 na 1851 ili kuthibitisha umri. Sensa zenyewe ziliungua, ila fomu za maombi hayo zilibaki, na leo ni kati ya masalia machache ya vitabu hivyo.

Msomaji wa Goma au Bukavu hawezi kushangaa. Huku pia umri wa watu wengi hupimwa kwa tukio: mwaka wa volkano, mwaka wa vita fulani, mwaka wa uhuru. Haifai kudharau hesabu ya namna hiyo. Tukio linalojulikana na wote ni kalenda, mradi mtu aandike ni tukio gani.

Karatasi hudanganya pia kwa kunyamaza, na mfano wake uko Katanga. Mwezi wa tisa 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa mjini Jadotville, unaoitwa sasa Likasi. Walipigana siku kadhaa hadi risasi na maji vikaisha, wakakamatwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Waliporudi kwao, jeshi halikuwapa sifa, na kushindwa kwao kulibaki kama aibu ya kufichwa. Ni askari wenyewe na familia zao waliokataa. Walisimulia na kudai miaka mingi, hadi mwaka 2017 serikali ilipowapa medali. Karatasi ilibadilika kwa sababu kuna watu ambao hawakuacha kusimulia.

Mzee bila karatasi hupotosha

Upande wa pili nao una ukweli wake. Familia hupenda hadithi tamu, na hadithi tamu hukua kila inaposimuliwa.

Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1892, kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa New York. Mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Ireland, Annie Moore, kutoka Cork, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alikwenda Texas na kufa huko. Familia moja ya Texas iliishi na hadithi hiyo, na watu wa familia hiyo waliitwa kwenye sherehe za kumkumbuka. Mwaka 2006, mtafiti wa koo alipofuata nyaraka hatua kwa hatua, ilionekana kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani. Annie Moore wa kweli hakutoka New York. Aliolewa huko, akazaa watoto wengi, akazika baadhi yao wakiwa wadogo, akafa mwaka 1924. Kaburi lake halikuwa hata na jiwe lenye jina.

Familia ya Texas haikuwa na uongo moyoni. Ilirithi jambo bila kulipima. Ndivyo ilivyo pia kwa maelfu ya Wamarekani wanaosema karani wa Ellis Island alibadilisha jina la babu yao. Makarani wale walisoma orodha zilizoandikwa na watu wa meli tangu bandari ya kuondokea. Majina mengi yalibadilishwa na wenyewe, baadaye, ili wapate kazi na wasichekwe.

Kwa hiyo watafutaji wazuri wa Ireland hufuata njia moja. Kwanza humuuliza mzee. Mzee ndiye anayejua jina la kijiji, na bila hilo hakuna safari: Ireland ina maeneo madogo zaidi ya 60,000 yenye majina, na watu wenye jina la Murphy ni wengi kama mchanga. Kisha huenda kwenye karatasi kupima alichosikia. Kitabu cha kodi ya ardhi kiitwacho Griffith, kilichotolewa kati ya 1847 na 1864, kinaonyesha nani alikodi shamba lipi na kwa nani. Kiliandikwa ili kodi itozwe, na leo ndicho kinachomtambulisha maskini kwa wajukuu wake. Kitabu cha padri kinaonyesha wazazi na wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi kwa Kilatini, ambapo James ameitwa Jacobus.

Hata mpangilio wa majina husaidia. Kwa desturi ya zamani, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Anayejua desturi hiyo hukisia jina la babu hata kabla ya kuliona. Ni elimu ya ukoo, ambayo makabila mengi ya Kivu na Maniema wanayo pia kwa njia yao, na wanaiacha ipotee.

Kivu inasubiri nini?

Sensa ya mwisho ya watu wote nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Aliyezaliwa mwaka huo ana watoto, na wengine wana wajukuu. Sheria inataka mtoto aandikishwe bure ndani ya siku 90, lakini katika vijiji vingi ofisi iko mbali, au imefungwa, au imechomwa. Watu wengi hutembea na kadi ya mchaguzi kama utambulisho. Mwaka 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu kubwa ya mji wa Goma, na kilichokuwa ndani ya nyumba hakikutoka. Vita vimefanya mengine. Familia inayokimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na godoro. Haibebi cheti cha ndoa cha babu.

Kuna atakayesema kwamba mtu anayelala kambini ana shida kubwa kuliko majina ya mababu. Neno hilo lina uzito. Lakini Waireland wanaotafutwa leo kwa bidii zaidi ni wale waliokufa na njaa na waliokimbia bila kitu, na hao ndio wanaopatikana kwa shida zaidi. Maskini hupotea mara mbili: hupoteza mali, kisha hupoteza jina. Kesi ya shamba ikifika kwa chifu au mahakamani, au mtoto yatima akitafuta baba wadogo, familia iliyoandika majina yake inakuwa na mahali pa kuanzia. Isiyoandika inabaki na machozi. Na kwa Ireland, jina la babu lina thamani hata katika sheria: mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa hicho anaweza kuomba uraia. Uingereza ilipopiga kura mwaka 2016 kutoka Umoja wa Ulaya, Waingereza wengi walikimbilia kutafuta cheti cha kuzaliwa cha bibi yao.

Kuna hofu nyingine, kubwa zaidi, na ni lazima itajwe. Mashariki ya Kongo, swali la "ukoo wako unatoka wapi?" limemwaga damu. Wapo wanaolitumia kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani abaki na nani afukuzwe. Kwa hofu hiyo, wengine huona heri kutouliza kabisa.

Lakini kunyamaza ndiko kunakompa nafasi mchochezi, kwa sababu mahali pasipo kumbukumbu kila mtu hutunga yake. Anayetafuta ukoo kwa uaminifu hukuta kinyume cha damu safi. Hukuta Mwireland ndani ya ukoo wa Muhammad Ali. Hukuta fundi viatu wa Moneygall na Mjaluo wa Kenya katika nyumba moja. Hapa pia, atakayeuliza vizuri atakuta bibi aliyeolewa kutoka ng'ambo ya ziwa, babu aliyekuja kufanya kazi ya mgodi au ya reli, mtoto aliyelelewa na ukoo usio wake akawa wao. Ukoo ulioandikwa kwa kweli huwapa watu wengi undugu, na humnyima mchochezi silaha.

Jambo hili halihitaji kungoja Kinshasa. Mwaka 1937 hadi 1939, Ireland ilikuwa nchi changa na maskini. Tume yake ya mila iliomba shule za msingi zisaidie. Wanafunzi karibu 50,000, wa miaka 11 hadi 14, walirudi nyumbani na daftari, wakawauliza babu, bibi na majirani: majina ya mahali, habari za njaa kubwa, dawa, misiba, hadithi. Walimu wakasahihisha na kutuma. Madaftari hayo leo yanasomwa kwenye intaneti, na watu huandika kutoka nchi za mbali wakisema wamekuta mkono wa mama yao alipokuwa mtoto.

Shule za Uvira, Beni, Kindu au Kalemie zinaweza kufanya hivyo muhula huu. Mwalimu anahitaji maswali machache tu. Mzee anaitwa nani, na majina yake mengine ni yapi? Alizaliwa kilima gani, chini ya chifu gani? Alibatizwa misheni gani, au alisoma kwa shehe gani? Wazazi wake waliitwa nani, na mama yake alitoka ukoo gani? Alizaliwa karibu na tukio gani? Hili la mama lisisahauliwe, kwa sababu upande wa mama ndio hupotea kwanza katika kila nchi. Mtoto aandike maneno kama yalivyosemwa, aweke tarehe na jina la aliyesimulia. Akisikia masimulizi mawili yanayopingana, ayaandike yote mawili.

Parokia, misikiti na makanisa wanaweza kupiga picha vitabu vyao kwa simu kabla panya na vita havijavifikia, na kuziweka mikononi mwa watu wanaoaminika, kwa sababu majina ya watu si ya kuchezea. Familia zifanye hivyo pia. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu aliye Lubumbashi, Bujumbura, Kampala au Brussels. Dublin ilijifunza kwa moto kwamba kitu kilichowekwa mahali pamoja hakijahifadhiwa.

Karatasi za Ireland zilizoungua zimechukua miaka 100 kuanza kurudi, na zimerudi kidogo kidogo kwa sababu nakala zilikuwapo mahali fulani. Mzee hana nakala mahali pengine. Mwenye babu au bibi anayeweza bado kusema, anunue daftari wiki hii.